Filtre ya bwati otomatiki: usiinunue kwa jina la kamioneti



Safari hii ukurasa wetu wa usalama na afya hausemi juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya usalama. Unasema juu ya kamioneti yako mwenyewe, ile uliyoinunua kwa feza ya jasho lako. Pengine ilitoka Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, na sasa inakuleta kazini kila asubuhi pamoja na wenzako waliokaa nyuma. Ilipofika kwako ilikuwa na miaka 20 au 25. Aliyekuuzia aliipaka rangi, akaweka viti vizuri, akakuwashia motere usikie inavyonguruma. Juu ya bwati ya vitesi hakusema neno, nawe hukuuliza.

Utasema: filtre ni kazi ya fundi, si kazi ya watu wa usalama. Ngoja kwanza.

Kamioneti ya bwati otomatiki haina pedali ya embreyaji. Kinachounganisha nguvu ya motere na magurudumu ni mafuta. Pompa iliyo ndani ya bwati inavuta mafuta kutoka karteri, yaani lile bakuli la chuma la chini, inayasukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayobana visahani vya embreyaji vya ndani. Mafuta yanayotoka karteri kwenda kwa pompa yanapita ndani ya filtre. Ikiwa filtre imeziba, au si yake, au imefungwa vibaya, pompa haipati mafuta ya kutosha, au inavuta hewa pamoja nayo. Hewa haibani kitu. Visahani vinateleza, motere inapiga kelele nyingi, na kamioneti haiendi.

Mahali pa tambarare hiyo ni hasara tu. Lakini fikiri uko kwenye mpando, njia ya Likasi, watu sita wako nyuma, na lori la mzigo linakufuata karibu. Unakanyaga, motere inalia, mwendo unapungua, kisha kamioneti inaanza kurudi nyuma. Au fikiri unateremka: bwati isiyoshika haikusaidii tena kuzuia mwendo, kazi yote inabaki juu ya freni, na freni zinapata moto. Ndiyo sababu tunaandika juu ya filtre.

KWANZA, JE, UNAYO?

Swali hili linawachekesha mafundi, lakini linaokoa feza za watu. Kamioneti nyingi za kwetu, hasa Toyota Hilux na Land Cruiser za kazi, zina bwati ya mkono. Bwati ya mkono ya motokari hizo haina filtre ya namna hii. Inatumia mafuta mazito, na unga wa chuma mara nyingi unashikwa na sumaku ya kwenye buloni ya kumwagia. Mtu akikuuzia filtre ya bwati kwa Hilux ya vitesi vya mkono, amekuuzia kitu cha motokari nyingine. Rudisha feza yako mfukoni, badilisha mafuta, inatosha.

Ukiona herufi P, R, N na D karibu na mkono wa vitesi, yako ni otomatiki. Endelea kusoma.

JINA LA KAMIONETI HALITOSHI

Mtu anafika kwenye duka la pyese, anasema: "Nipe filtre ya bwati ya Hilux ya 1992." Muuzaji anatoa boksi, anapuliza vumbi, anasema ni yenyewe. Hapo ndipo shida inapoanza. Kiwanda kimoja kiliweka bwati mbalimbali katika kamioneti za jina moja na za mwaka mmoja, kufuatana na motere, na kufuatana na kama inasukumwa na magurudumu mawili au manne. Filtre haifuati jina la kamioneti. Inafuata bwati.

Kwa Toyota, fungua kofia ya motere, au angalia kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Utakuta kibao kidogo cha chuma. Tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Hapo kuna nambari ya bwati, na kando yake nambari ya ekseli ya nyuma. Ukisoma W56 au R150, ni bwati ya mkono. Ukisoma A43D, A340E, A340F au A340H, ni otomatiki. Usidharau herufi ya mwisho. A340E ni ya magurudumu mawili. A340F na A340H ni za magurudumu manne. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini karteri zao si lazima zifanane, wala filtre zao. Muuzaji akikuambia "A340 zote ni moja", mshukuru, kisha endelea kulinganisha.

Ukiwa na Ford au Chevrolet ya zamani ya Marekani, bwati inatambulikana kwa karteri yake. Hesabu buloni zinazoishika. Ford C6 ina buloni 17; E4OD iliyokuja baadaye ina 20. Kwa Chevrolet, Turbo 350 ina 13 na 700R4 ina 16. Lakini kuhesabu peke yake kunaweza kukudanganya, kwa sababu Turbo 400 nayo ina 13. Hizo mbili zinatofautiana kwa umbo: karteri ya 350 ni karibu mraba, na pembe yake moja imekatwa, ile ya 400 haina umbo la mraba hata kidogo, mzunguko wake umepinda huku na huku.

Kwa hiyo chukua kipande cha kartoni, kiweke chini ya karteri, chora mzunguko wake wote, tia alama ya kila buloni, na uende dukani na hicho kipande. Kwa motokari ya miaka 25, kartoni ni shahidi mzuri kuliko kibao. Kibao kinasema bwati gani iliwekwa kiwandani. Hakisemi kama mtu alibadilisha bwati nzima njiani kati ya kiwanda na wewe.

KINA CHA KARTERI

Sasa tuko kwenye mtego mkubwa kuliko yote. Unaweza kuwa na nambari kamili ya bwati na bado ukapewa filtre isiyo yake.

Mfano mzuri ni ile Ford C6. Kwa kamioneti ya magurudumu mawili ilifungwa karteri fupi. Kwa ile ya magurudumu manne ilifungwa karteri ya kina zaidi. Bwati ni moja, buloni ni zilezile 17, lakini filtre ni mbili. Ile ya karteri ya kina ina mdomo mrefu unaoteremka mpaka karibu na chini, kwenye mafuta. Ukiweka filtre fupi katika karteri ya kina, hakuna buloni itakayokataa. Kila kitu kitafungwa vizuri, na kwenye kiwanja cha nyumbani kamioneti itakwenda. Lakini mdomo umebaki juu, karibu na uso wa mafuta. Siku utakapopanda mlima au kukata kona kwa haraka, mafuta yanakimbilia upande mmoja na mdomo unabaki hewani. Ni kama kunywa pombe ya mtungi kwa mrija mfupi: mtungi umejaa, nawe unavuta upepo.

Kinyume chake pia ni kibaya. Filtre ndefu katika karteri fupi itagusa chini. Chuma kinaziba mdomo, au fundi anakaza buloni kwa nguvu mpaka filtre inapinda na kupasuka. Ukiona karteri haikai vizuri mpaka usaidie kwa kle, usiisaidie. Ishushe, angalia tena.

Namna ya kujua bila kubahatisha ni kupima. Usitupe filtre ya zamani kabla ya kuona mpya. Ziweke mbili kando kando juu ya meza, na uangalie urefu wao wote toka pale zinapogusa bwati mpaka kwenye mdomo. Angalia matundu ya buloni, idadi na mahali pake. Angalia mdomo uko upande gani na ukubwa wake. Halafu pima karteri: laza rula juu ya ukingo wake, pima toka rula mpaka chini ndani. Pima pia filtre ikiwa imefungwa mahali pake, toka uso wa bwati mpaka mdomoni. Kipimo cha pili lazima kiwe kidogo kuliko cha kwanza, ili mdomo uwe karibu na chini bila kugusa. Tuseme karteri ina milimita 50 na mdomo unafika milimita 25: nusu ya kina imebaki chini ya mdomo, na hiyo filtre si yake, hata boksi ikiandikwa nini.

Tahadhari moja: filtre ya zamani uliyoikuta ndani inaweza kuwa yenyewe ndiyo isiyofaa, iliyowekwa na mwenye motokari wa kwanza. Ndiyo maana tunasema pima karteri pia, usilinganishe filtre na filtre tu.

WAVU NA KITAMBAA

Filtre za bwati ni za namna mbili kubwa. Nyingine ni wavu mwembamba wa chuma, kama zile za Toyota nyingi za zamani. Nyingine ina kitambaa kizito kilichofungiwa ndani ya chuma au plastiki. Wavu unaweza kuoshwa ukiwa mzima, haukutoboka wala kupinda. Kitambaa hakioshwi. Uchafu umeingia ndani ya nyuzi, na dawa ya kuoshea inaupeleka ndani zaidi. Ukiwa na filtre ya kitambaa, nunua mpya au acha karteri imefungwa mpaka upate feza.

Na kuosha kwenyewe, tafazali si kwa esanse. Tunajua ndivyo inavyofanyika katika garaji nyingi za mtaani: esanse katika beseni, fundi ameinama juu yake, na mama anapika kwa makala hatua tano kutoka hapo. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye moto, na moto unarudi kwa njia hiyohiyo. Tumia mazutu safi, nje, mbali na kila moto, kisha acha wavu ukauke kabisa.

Usifute ndani ya bwati wala karteri kwa kitambaa kinachotoa nyuzi. Uzi mmoja ukiingia katika njia za mafuta unaweza kuzuia kidude kinachobadilisha vitesi.

Tena kuna mpira au karatasi ya kuziba pale filtre inapoingia katika bwati. Ile ya zamani mara nyingi inabaki imeshikamana juu, ndani ya tundu. Ingiza kidole uihakikishe. Mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, haikai sawa, na kukosa mpira ni kuvuta hewa. Kazi yote ya kuchagua vizuri inapotelea hapo. Na ile gundi ya silikoni ambayo mafundi wanaipenda sana, usiipake nyingi kwenye ukingo wa karteri. Ile inayominywa ndani inakatika vipande vipande, inafuata mafuta, inakwama juu ya filtre mpya.

CHINI YA KAMIONETI

Filtre haijawahi kumlalia mtu kifuani. Kamioneti imelalia wengi. Kwa hiyo hapa tusikie vizuri.

Kriki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kabla hujaingiza hata mkono chini, weka vyuma vya kuegemeza vyenye nguvu, juu ya ardhi ngumu. Matofari ya kuchoma hayafai. Yanabeba, yanabeba, kisha yanapasuka mara moja bila kukuonya. Ziba magurudumu yanayobaki chini mbele na nyuma kwa vipande vya mti. Kuweka P peke yake hakutoshi: ile P inashika kwa jino moja la chuma ndani ya bwati, na gurudumu la nyuma likiinuliwa haiwezi kukulinda. Mtu mmoja awe karibu nawe, na asiwe mtoto.

Acha bwati ipoe. Ikifanya kazi, mafuta yake yanapata joto la digrii 80 au 90, na karteri nyingi za zamani za Marekani hazina buloni ya kumwagia: unalegeza karteri yenyewe na mafuta yanashuka yote kwa mara moja. Legeza upande mmoja kwanza, acha buloni za upande wa pili zishike, ili karteri iiname polepole juu ya beseni. Vaa miwani. Uso wako uko chini yake, na mafuta hayachagui.

Mafuta yakitoka, yaangalie kabla ya kuyaondoa. Mekundu, au yameiva kidogo kuwa ya kahawia, ni sawa. Unga laini wa kijivu juu ya sumaku ya karteri ni uchakavu wa kawaida. Lakini mafuta meusi yenye harufu ya kuungua, makombo meusi mengi, au vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, hayo ni maneno mengine. Visahani vimeungua, na hakuna filtre itakayovirudishia ngozi. Fundi anayekuahidi kwamba filtre mpya itaponya bwati ya namna hiyo anatafuta feza ya chakula cha jioni. Usibebe watu katika kamioneti hiyo mpaka bwati ifunguliwe.

Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa esanse. Mafuta yaliyotumika yakikaa kwenye ngozi siku kwa siku yanaleta magonjwa ya ngozi. Usitie kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali. Usivute mafuta kwa mdomo na mpira. Na jambo linalotuuma zaidi: usiyaweke katika chupa ya bia wala ya Fanta. Mafuta ya bwati ni mekundu, yanafanana na kinywaji, na mtoto hasomi. Yatie katika bidoni yenye kifuniko, iandike, iweke juu. Usiyamwage karibu na kisima wala shambani. Uliza kwenye garaji ya kazi kama wanapokea mafuta machafu.

KUJAZA NA KUJARIBU

Pima mafuta yaliyotoka, urudishe kiasi hicho kwanza. Ukimwaga karteri ya A340 unapata kadiri ya litre 2. Sehemu kubwa ya mafuta imebaki ndani ya bwati. Anayekumiminia yote kwa kufuata jumla iliyoandikwa kitabuni atajaza kupita kiasi. Mafuta yaliyozidi yanapigwa na mitambo, yanatoa povu, povu linatokea kwenye tundu la kupumulia, na likianguka juu ya bomba la moshi lenye moto, kamioneti inaweza kuwaka.

Namna ya mafuta imeandikwa katika kitabu cha motokari, na mara nyingi kwenye kijiti cha kupimia. Toyota nyingi za miaka ya 1980 zilitaka Dexron II. Ford C6 za mpaka katikati ya miaka ya 1970 zilitaka Type F, ambayo inashika visahani kwa namna nyingine. Usichanganye kwa kufuata rangi, zote ni nyekundu.

Kaza buloni za karteri kwa mkono mwepesi, kwa kupokezana, moja huku na moja kule. Kwa A340 ni kadiri ya nyutoni-mita 7, nguvu ya kifundo cha mkono tu. Anayekaza kwa bega anapinda ukingo, na kesho mafuta yanatona.

Washa motere mahali pa wazi, si katika garaji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Mguu ukiwa juu ya freni, pitisha mkono wa vitesi katika kila nafasi, polepole, kisha rudi P. Kwa motokari nyingi za Toyota mafuta yanapimwa motere ikiwaka, bwati ikiwa na joto, mahali pa tambarare. Ukiweka D, kamioneti lazima ishike upesi. Ukihesabu moja, mbili, tatu, na bado haijashika, au ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu mkubwa unaopanda na motere, pompa inavuta hewa. Zima. Kijiti kikionyesha kwamba mafuta yanatosha, fungua tena uangalie mpira wa kuziba na kina cha filtre.

Ikishika vizuri, endesha peke yako, bila mtu nyuma, kilomita kadhaa, na upande angalau mlima mmoja. Ukirudi, laza kartoni safi chini ya karteri, uiache mpaka asubuhi. Ikiwa haina tone jekundu, andika juu ya karatasi nambari ya bwati, kina cha karteri, nambari ya filtre na kilomita za siku hiyo, uibandike ndani ya kofia ya motere. Wenzako wanaweza kupanda.